Wageni wa Fimbo na Mshipi: Maswali Yenu Kuhusu Boti ya Kukodisha

Maswali mengi ya safari hii yametoka Kunduchi, Msasani na Kigamboni, kwa watu wanaotaka kuchukua wageni kwenda kuvua kwa fimbo: watalii, wafanyakazi wa maofisini wanaotafuta pumziko la Jumamosi, na wenyeji wenye mapenzi yao ya mshipi. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nimepata boti ya faiba ya mita 7 kwa bei nzuri, ilikuwa ya wavuvi. Nikishailipia, nianzie ofisi gani kutafuta leseni? (Msomaji, Mjimwema)

Usiilipie kwanza. Boti hukaguliwa kwa kazi itakayofanya. Ile iliyozoea kubeba wavuvi na nyavu zao ilikaguliwa kama chombo cha uvuvi. Siku utakapompandisha mtu aliyekulipa, huyo ni abiria, na abiria ana masharti yake: idadi isiyozidi iliyoandikwa kwenye cheti, vifaa okozi, sifa za nahodha, bima. Watu hununua boti ya uvuvi, wakafunga viti viwili na turubai, kisha mkaguzi anakuja na kusema kingo ni fupi, au hakuna vyumba vya hewa vya kuielesha ikijaa maji. Hapo pesa imeshatoka, na muuzaji hapokei simu.

Kwa hiyo anza na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo ndilo linalosajili na kukagua vyombo vya majini Tanzania Bara, vikiwemo vidogo. Nenda ukiwa na vipimo vya boti (urefu, upana, kina), picha zake za pande zote, nguvu ya mashine, na maelezo ya kazi: abiria wangapi, kutokea wapi, umbali gani kutoka pwani, mchana tu au na usiku. Uliza wakague kwa matumizi gani na nini kirekebishwe. Jibu hilo ndilo litakalokuambia kama bei uliyopewa ni nzuri au ni mtego.

Wakati unasubiri, sajili jina la biashara au kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara (utahitaji namba ya NIDA), kisha chukua TIN ya TRA. Mkataba wa kununua boti na risiti za mashine viandikwe kwa jina hilohilo. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: boti ina jina la kaka, mashine ina jina la duka, leseni inaombwa kwa jina la kampuni, na kila dirisha linakurudisha kwa lile lililotangulia.

Chombo kikishasajiliwa na kukaguliwa, nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako kwa ajili ya leseni za uvuvi. Kwa Mjimwema hiyo ni Manispaa ya Kigamboni. Halafu leseni ya biashara, ambayo halmashauri huzitoa kupitia mfumo wa TAUSI. Ukipanga kuwauzia watalii safari moja kwa moja, bila kupitia kampuni ya utalii yenye leseni yake, utahitaji pia leseni ya biashara ya utalii kutoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, nayo ina kibali chake TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukaguzi wa chombo na leseni hizi huhuishwa kila mwaka, hivyo andika tarehe za mwisho ukutani. Ukaguzi ukipitwa na siku moja tu, na ajali ikatokea siku hiyo, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukukatalia.

Mimi sivui. Wanaovua ni wageni, mimi naendesha boti tu. Leseni ya uvuvi ya nini? (Msomaji, Mbezi Beach)

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinaangalia tendo la kuvua na chombo kinachotumika. Haziulizi nani kashika fimbo. Uvuvi wa burudani umo ndani ya kanuni hizo. Mweleze afisa uvuvi waziwazi kwamba ni safari za kukodisha, ili leseni iandikwe hivyo. Kama unakusudia pia kupeleka samaki mnadani Feri, sema mapema, maana kuvua kwa kujiburudisha na kuvua kwa kuuza ni mambo mawili.

Pita pia kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika mwalo unaotokea. Hao ndio wanaojua nani katega nyavu wapi, na ndio watakaokuwa wa kwanza kukutafuta ukichelewa kurudi. Boti ngeni inayopita juu ya nyavu za watu alfajiri haitapata rafiki pale ufukweni.

Kuna viumbe visivyoguswa hata mgeni akilipa mara tatu: kasa, nguva, pomboo, nyangumi, papa potwe na silikanti (samaki adimu wa kilindini). Wakinasa kwa bahati mbaya wanafunguliwa majini bila kupandishwa botini kwa ajili ya picha. Sulisuli na samaki wengine wenye mdomo mrefu wanaruhusiwa, lakini tunashauri waachiwe hai. Wageni wengi wa fimbo hupenda hivyo, na samaki aliyeachiwa huweza kumfurahisha mgeni mwingine wiki ijayo.

Nifunge mashine moja kubwa au mbili ndogo? Na zile za kuchanganya oili bado zinafaa? (Msomaji, Kunduchi)

Mbili. Ukiwa maili 10 nje na abiria wanne, mashine moja ikizimika mkondo utaanza kukusukuma, na hapo hata mtaalamu wa kupiga makasia hana la kufanya. Lakini mashine mbili zinazokunywa kwenye tangi moja kupitia chujio moja ni sawa na mashine moja. Chanzo kikubwa cha kuzimika baharini ni mafuta machafu au yenye maji, na mafuta hayo yakiingia, yanazima zote mbili kwa kupishana dakika chache. Kila mashine iwe na tangi lake, bomba lake, na chujio lake la kutenganisha maji. Kabla ya kuondoka fungua kikombe cha chini cha chujio, mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji hukaa chini, petroli juu. Ukiona mstari katikati, safari inasubiri.

Mashine za kuchanganya oili, kama zile Yamaha Enduro za HP 40 zilizojaa mialoni kote pwani, ni ngumu kufa, na fundi wake yupo kila mahali. Uwiano ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili ya mashine za boti kwa lita 20 za petroli. Mashine ikiwa mpya, saa 10 za mwanzo weka mara mbili yake, mililita 800. Usitumie oili ya pikipiki: mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari na hufanya kazi kwa joto jingine, na oili isiyo yake huacha masizi kwenye pistoni.

Tatizo la mashine hizi kwa kazi yako ni mwendo. Kuvua nguru na jodari kwa kukokota chambo ni kwenda taratibu, noti 5 hadi 8 (maili za bahari kwa saa), saa nyingi mfululizo. Mashine ya kuchanganya oili ikienda hivyo plagi hujaa masizi, moshi unawarudia abiria waliokaa tezi (nyuma ya boti), na ukitaka kukimbia inakohoa. Ukiwa nayo, kila nusu saa ongeza mwendo kwa dakika moja au mbili ili ijisafishe. Kwa biashara ya wageni sisi tungechagua isiyochanganya oili, HP 60 mbili kwa boti ya mita 7 hadi 8, tukakubali kwamba ni nzito na fundi wake ni ghali. Oili yake ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100.

Ukirudi, isafishe kwa maji yasiyo na chumvi dakika 10 hadi 15, kila safari, bila kuruka. Chumvi ikikauka ndani huziba njia za kupozea. Angalia ule mchirizi wa maji ubavuni mwa mashine: ukipungua, zima. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki umeganda kwenye matundu ya kuingizia maji (imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini bahari bado ina akiba yake), au mpira wa pampu ya maji umekatika mabawa. Mpira huo ni wa bei ndogo. Ubadilishe kila mwaka hata kama unaonekana mzima, na mwingine ukae botini pamoja na plagi, chujio, fyuzi, propela moja, pini zake na kamba ya kuwashia. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imepasuka na maji yameingia. Ukiendelea nayo utanunua gia nzima.

Ninakagua vipi boti iliyotumika? (Msomaji, Msasani)

Anza tezi, pale mashine inapofungwa. Boti nyingi za faiba zina ubao ndani ya ukuta huo, na watu hutoboa matundu ya skrubu bila kuyaziba. Maji hupenya, ubao huoza, na kwa nje rangi inang'aa. Simama kwenye mguu wa mashine, jitikise. Ukuta ukicheza, au ukiona nyufa za utandabui pembeni, achana nayo au kata bei ya kujenga tezi upya. Kisha gonga mwili wote kwa mpini wa bisibisi: sehemu nzima hutoa sauti kavu, iliyoachana tabaka hutoa sauti butu. Fungua sakafu uone ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Harufu ya petroli chini ya sakafu ni hatari ya moto, si uchafu wa kawaida.

Kwa mashine, mwite fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, kuna kazi kubwa ndani. Na linganisha namba ya mashine na risiti. Mashine za boti huibwa sana, na namba iliyosuguliwa kwa tupa usiigusie mkono hata ukipewa kwa nusu bei.

Baba yangu mdogo ni nahodha wa mashua miaka yote, anajua bahari hii kuliko mtu yeyote. Bado anahitaji cheti? (Msomaji, Kigamboni)

Anahitaji, shikamoo yake apewe kwanza. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, DMI, kinatoa mafunzo ya usalama, na FETA Kampasi ya Mbegani, Bagamoyo, wanafundisha uvuvi pamoja na mashine. Waulize TASAC ni cheti kipi kinatakiwa kwa ukubwa wa boti yako kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote. Mzee wako atayafahamu mengi tayari. Mapya kwake yatakuwa redio, moto wa petroli, na namna ya kumtoa majini mtu mzito asiyejua kuogelea.

Botini kuwe na jaketi okozi kwa kila mtu na za ziada, na za watoto zenye kipimo chao: jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto kupitia kichwani. Boya okozi lenye kamba, mtungi wa kuzimia moto ulio karibu na usukani na mbali na matangi, fataki za dharura ambazo hazijapita muda, taa, dira hata kama kuna GPS, kisanduku cha huduma ya kwanza, pampu ya ngama na ndoo. VHF isikilizwe kwenye chaneli 16. Simu ya mkononi haihesabiki, mtandao hupotea pale hasa unapouhitaji. Nanga iwe na mnyororo wa mita 5 hivi na amari (kamba ya nanga) yenye urefu mara tano ya kina cha maji, mara saba bahari ikichafuka.

Nitoze kiasi gani? Jirani yangu anatoza laki tano na anasema anapata faida. (Msomaji, Ununio)

Tupige hesabu ya safari ya saa 7, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, kwa mashine mbili za HP 60. Bei tulizoweka ni za mfano, weka zako.

Saa 2 za kwenda na kurudi kwa mwendo, lita 12 kwa kila mashine kwa saa: lita 48. Saa 5 za kukokota, lita 4 kwa kila mashine: lita 40. Jumla lita 88. Petroli ikiwa shilingi 3,000, ni 264,000. Ondoka na lita 130, usiondoke na 88: theluthi moja ya tangi haiguswi. Nahodha na baharia 100,000. Barafu, chambo, maji na chakula 70,000. Hapo ni 434,000, na hapo ndipo jirani yako anapoishia na kuona faida.

Sasa mashine. Chukulia zote mbili zimegharimu milioni 40 na utazitumia saa 1,500 kabla ya matengenezo makubwa au kuzibadilisha. Kila saa imekula karibu 26,700, na safari ya saa 7 karibu 187,000. Ongeza leseni, bima, ukaguzi, mlinzi wa ufukweni na rangi ya chini ya boti. Tuseme milioni 6 kwa mwaka kwa safari 80, ni 75,000 kila safari. Jumla ni 696,000 kabla hujajilipa senti. Jirani anatumia mashine yake kama mtaji wa kila siku bila kujua, na atajua siku itakapokufa.

Chukua arbuni ya theluthi hadi nusu. Irudishe yote kama nahodha ndiye aliyeahirisha kwa sababu ya bahari. Usirudishe kama mteja kachelewa kuamka. Liandike hilo kabla, na toa risiti ya EFD.

Wateja wanauliza kuvua Mbudya na Bongoyo, na wengine Latham. Inaruhusiwa? (Msomaji, Kawe)

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na visiwa vya Sinda na jirani zake upande wa Kigamboni viliongezwa baadaye. Humo havuliwi. Unaweza kumshusha mgeni akaogelee na kula, kwa kulipa kiingilio cha Hifadhi za Bahari na kwa kibali chao cha kupeleka wageni, fimbo zikiwa zimefungwa. Pakia mipaka kwenye GPS, maana "sikujua nimeingia" haisaidii mbele ya doria.

Latham, au Fungu Kizimkazi, iko zaidi ya maili 35 za bahari kutoka mlango wa bandari, na ni upande wa Zanzibar. Mbele ya maili 12 ndipo yanapoanza mambo ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, wenye ofisi Fumba, na Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini. Pita kwao wote kabla ya kutangaza safari hiyo. Na kwa boti ya mita 7 tunasema hapana, hata vibali vikipatikana: ni zaidi ya saa 2 kwenda, bila pa kujificha upepo ukigeuka.

Niahirishe safari bahari ikiwaje? (Msomaji, Mbweni)

Soma utabiri wa baharini wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, jioni na tena alfajiri. Wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hakuna mjadala. Boti ya mita 7 yenye abiria wasiozoea tungeifunga mapema zaidi, upepo wa 30 au mawimbi ya mita moja na nusu. Kusi ya Juni hadi Agosti itakulaza siku nyingi. Oktoba na Novemba bahari hutulia, na kaskazi ina siku zake nzuri hadi Machi, ila upepo huongezeka mchana, ndiyo sababu ya kurudi saa 7.

Siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Fukwe za Kunduchi na Mbezi hubaki mchanga mtupu, kwa hiyo mgeni aliyeumwa bahari na kutaka kurudishwa saa 4 hutaweza kumfikisha nchi kavu bila kumtembeza. Jua mapema utamshusha wapi. Pia jihadhari na mlango wa bandari maji yanapotoka huku upepo unaingia: mawimbi huwa mafupi na wima. Na usielee kwenye njia ya meli kwa sababu tu jodari wanaruka pale. Meli ya makontena haiwezi kukukwepa.

Samaki anakuwa wa nani, na nimtunze vipi? (Msomaji, Msasani)

Mwambie mteja kabla ya kupanda. Desturi hutofautiana: wengine humpa mgeni anachoweza kula na kinachobaki ni cha boti, wengine humpa wote. Lolote utakalochagua, liwe kwenye karatasi ya mkataba.

Beba barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki unayotarajia, iliyopondwa, kwenye sanduku lenye tundu la kutoa maji. Jodari akatwe koo atoke damu mara tu akipanda, atolewe matumbo, alazwe katikati ya barafu ndani ya dakika chache. Akiachwa juani saa mbili hutengeneza sumu ya histamini ambayo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa: aliyekula hupata wekundu usoni, kuumwa kichwa na kuharisha. Nguru na kolekole huvumilia kidogo, lakini nguru pia yumo kwenye kundi hilo la hatari. Na kwa nguru tumia kipande cha waya kabla ya ndoana. Meno yake hukata nailoni, na chambo cha bandia utakachopoteza ni ghali kuliko waya wa mwezi mzima.